Mijusi ya Crichton: uanze na kitabu au na picha?

Mpwa wangu amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo. Asubuhi anamsaidia mama yake gengeni, jioni anakuja kukaa barazani kwangu hapa Lindi mjini, simu mkononi. Juzi alikuja na swali.

"Shikamoo mjomba. Hivi Jurassic Park ile ya kwanza, nisome kitabu chako au niangalie picha? Kuna mtu ananiazima flashi. Ila Jumamosi naenda Nachingwea kwa baba, muda ni wa kimoja tu."

"Marahaba. Kaa kwanza," nikamwambia. Swali alilouliza kwa dakika moja nilimjibu kwa saa nzima, mpaka dada yangu akapiga simu kuuliza mtoto wake yuko wapi. Haya hapa chini ni majibu yale yale, nimeongeza vitabu vingine vya Michael Crichton, mwandishi wa hadithi hiyo ya hifadhi ya dinosaria, kwa sababu najua swali litarudi.

Mimi mwenyewe hadithi ile niliingia kwa mlango wa uani. Mwaka 1997 nilikuwa darasa la tano. Picha tuliziona kwenye kibanda umiza kilichoezekwa makuti: mabenchi sita, televisheni moja, deki, na jenereta nyuma ya ukuta. Kiingilio shilingi 50. Siku ya Jurassic Park tulibanana kama dagaa kwenye tenga. Ikafika ile sehemu mvua inamwagika, magari yamekwama kwenye reli yake, umeme wa hifadhi umezimwa, maji kwenye glasi yanatikisika. Yule mbuzi aliyefungwa kama chambo hayupo tena. Kisha giza, giza kabisa. Tulikaa kimya, hakuna aliyekohoa, tukidhani ndivyo picha inavyokwenda. Kumbe jenereta imekauka mafuta. Mwenye kibanda akatoka na dumu lake, hakurudi usiku ule, na kesho yake tukaambiwa kanda imerudishwa Mtwara ilikoazimwa.

Kwa hiyo mwisho wa hadithi niliupata miaka saba baadaye, kwenye kitabu cha mtumba kisicho na jalada nilichonunua Mtwara. Humo mzee mwenye hifadhi, John Hammond, anateguka kifundo cha mguu akiwa peke yake kilimani, mijusi midogo ya ukubwa wa kuku inamzunguka, na inamla. Nilikaa na mwisho huo kichwani kama ndio wa haki. Nilipokuja kuiona picha nzima, mzee huyo hapo anapanda helikopta, mzima wa afya, fimbo yake mkononi. Nilijiona nimeibiwa. Tangu hapo mtu akiniambia "kitabu nimeshaona picha yake" huwa nakunja uso.

Michael Crichton alizaliwa Chicago mwaka 1942, akasomea udaktari Harvard akamaliza 1969, kisha hakufanya kazi hiyo hata siku moja kwa sababu riwaya zilikuwa zimeshaanza kumlipa. Alifariki 2008. Alikuwa mtu mrefu ajabu, zaidi ya mita 2. Kingine ambacho wengi hawakijui ni kwamba alikuwa pia mwongozaji wa filamu: mwaka 1973 alitunga na kuiongoza Westworld, inayohusu hifadhi ya starehe yenye roboti, mitambo inaharibika, roboti zinaanza kuua wageni. Miaka 17 kabla ya kitabu cha Jurassic Park kutoka, hifadhi yake ya kwanza ilikuwa imeshamfia mikononi.

Ukimsoma sana unagundua ugonjwa wa vitabu vyake ni mmoja: watu werevu, mtambo wa gharama, na kitu kidogo ambacho hakuna aliyekiangalia. Wanaotengeneza picha humchukua dude mkubwa na kukiacha kile kitu kidogo. Mara nyingine wanafanya vizuri kukiacha. Hapo ndipo pa kuchagulia.

Tuanze na Jurassic Park yenyewe, riwaya ya 1990, picha ya 1993 iliyoongozwa na Steven Spielberg. Haki za kuitengeneza ziliuzwa kwa dola milioni 1.5 kabla kitabu hakijafika madukani, kwa hiyo picha na kitabu ni kama mapacha waliolelewa nyumba mbili.

Kuna tukio kitabuni ambalo kwenye picha halipo, na kwangu mimi ndilo moyo wa hadithi. Kompyuta ya hifadhi huhesabu wanyama kwa kamera zilizotapakaa kisiwa kizima. Jibu linatoka lile lile kila mara: wanaotarajiwa 238, waliopatikana 238. Wahandisi wamejaa fahari. Ian Malcolm, mtaalamu wa hisabati, anaomba jambo linaloonekana la kijinga: iambieni itafute 239. Kompyuta inatafuta, inapata 239. Wanashtuka. Haya, iambieni itafute 300. Namba inapanda, inapanda, inagota 292. Programu ilikuwa imeandikwa ikome mara inapofikisha idadi iliyotegemewa. Aliyeiandika aliogopa mnyama kupotea au kufa, hakuwaza kwamba wangeongezeka. Wote ni majike, wataongezekaje?

Mimi ni karani wa ghala la korosho, na ukurasa ule niliusoma mara tatu. Msimu mmoja lori lilikuja na karatasi inayosema magunia 300. Vijana wakahesabu, wakafika 300, wakakaa kivulini. "Yametimia, bosi." Nikapanda mwenyewe juu ya lori, sijui kwa nini, pengine ni Malcolm huyo. Yalikuwa 306. Sita yalikuwa ya chama kingine, yamepakiwa kwa makosa, na huko kuna mkulima alikuwa ameshaanza kugombana na mizani. Mtu ukimpa namba ya kutafuta, akishaipata anaweka kalamu chini.

Picha haina habari hiyo. Ina Dakta Grant, mtaalamu wa mifupa ya dinosaria, akitembea msituni na watoto, anaona maganda ya mayai yaliyopasuka, anaelewa, basi, twende mbele. Sekunde chache. Kwa picha inatosha, kwa sababu watazamaji walikuja kuona meno, hawakuja kuona daftari.

Ila picha nayo ina kitu ambacho kitabu hakikifikii, na kinatuhusu sisi wa Lindi kuliko watu wengine wote duniani. Wageni wanafika kisiwani. Kwenye kitabu, Grant anaona juu ya minazi kigogo kimoja kilichopinda kisicho na majani, kama mnazi uliokatika kichwa, halafu kigogo kile kinageuka kumtazama. Ni nzuri sana, soma. Lakini kwenye picha gari linasimama, Grant anavua miwani, mdomo umemwanguka. Ellie, mwenzake mtaalamu wa mimea, yuko bize na jani alilolichuma njiani. Bila kusema neno, Grant anamshika kichwa kwa kiganja, anamgeuza. Kisha tunamwona: mjusi wa shingo ndefu akitembea taratibu, anasimama kwa miguu ya nyuma kufuata tawi la juu, anajiachia, na ardhi inatoa kishindo.

Jina lake pale ni Brachiosaurus. Sasa sikiliza. Mnyama wa jina hilo alitajwa kwanza kitaalamu mwaka 1903 kutokana na mifupa ya Colorado, Marekani, na mifupa hiyo haikuja na fuvu kamili. Umbo la mnyama mzima ambalo dunia inalijua, na hasa kichwa kile chenye tuta juu ya pua, limetoka Tendaguru, kilima kilichoko kilometa kama 60 kutoka hapa nilipokaa. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani, wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, walichimba pale na mamia ya vibarua wetu, na msimamizi wa vibarua hao alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye jicho lake la kutambua mfupa ndani ya udongo lilisifiwa na Wajerumani wenyewe. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa na wapagazi, mwendo wa siku kama nne hadi bandari ya Lindi, zikapakiwa melini. Mwaka 1914 Janensch akamwita mjusi wetu Brachiosaurus brancai. Tangu 1937 amesimama jumba la makumbusho Berlin, kimo zaidi ya mita 13. Siku hizi wataalamu wengi wanamtenga na yule wa Colorado, wanamwita Giraffatitan.

Maana yake ni hii: mjusi anayewaliza watu kwenye picha ya Spielberg ana jina la Kimarekani na sura ya Kimwera. (Kusimama kwa miguu miwili wataalamu wengi wanakutilia shaka, maana mnyama yule uzito wake umeelemea mbele. Tumsamehe mwongozaji.) Bungeni huwa wanasimama kuuliza mjusi wetu atarudi lini kutoka Ujerumani. Mpaka arudi, mtoto wa Lindi akitaka kumwona anatembea, anapumua, anapiga chafya usoni kwa mtu, mahali ni kwenye picha hiyo. Kitabu hakiwezi kukupa hivyo hata kikiwa na kurasa 1,000.

Tofauti nyingine nitazipitia haraka. Kwetu kwenye vibanda tulikuwa na kanuni: stelingi hafi. Kwa Crichton kanuni hiyo haifanyi kazi, kwa hiyo ukisoma kwanza bado picha itakuotea, na ukiangalia kwanza bado kitabu kitakuotea. Muldoon, mwindaji, kitabuni anapona, kwenye picha analiwa. Wakili Gennaro kitabuni ni mtu mwenye msimamo na anapona. Kwenye picha ni mwoga, anakimbilia chooni, na T. rex, yule dinosaria mkubwa mla nyama, anamtoa humo. Dakta Wu, mtaalamu aliyewatengeneza wanyama, kitabuni anauawa, kwenye picha anaondoka kisiwani na meli. Malcolm mwishoni mwa kitabu unaambiwa hali yake kwa namna ambayo utamwombea dua ya marehemu. Watoto nao wamebadilishwa: kitabuni Tim ndiye mkubwa na ndiye anayejua kompyuta, dada yake Lex ni mdogo na analialia mpaka unatamani mjusi amsikie. Picha imempa Lex umri na kompyuta. Hapo nawapa wenye picha alama zote.

Kuhusu damu, kitabu ni kikali zaidi. Kifo cha Nedry, yule fundi wa kompyuta aliyeuza siri, kwenye picha kinatokea ndani ya gari lenye vioo vilivyofunikwa na ukungu. Crichton ni daktari, anakuonyesha. Usimpe mtoto wa darasa la sita kitabu kile kwa kudhani kitabu siku zote ni salama kuliko picha.

Na sayansi je? Kitabu na picha vyote vinasimama kwenye mbu aliyenaswa ndani ya kaharabu, yaani utomvu wa mti uliogeuka jiwe, tumboni ana damu ya dinosaria, na DNA ya damu hiyo ndiyo inayowafufua. Mzee yeyote wa pwani ataelewa upesi, maana sandarusi, ndugu mdogo wa kaharabu, ilichimbwa sana pwani yetu na kuuzwa Unguja, na ndani yake wadudu walionekana wazi kama wamelala. Ila sandarusi ni changa mno kumkuta dinosaria, na DNA yenyewe haikai muda huo. DNA kongwe kabisa iliyopatikana mpaka sasa ina umri wa miaka kama milioni 2. Mijusi ya Tendaguru ilikufa miaka milioni 150 iliyopita. Picha inalieleza jambo hili kwa katuni ya dakika chache na inachekesha. Kitabu kinakuwekea hadi ukurasa wa herufi za DNA. Asiyependa baiolojia ataruka, na hatapungukiwa.

Kwa hiyo nilimwambia mpwa: picha kwanza, kitabu baadaye. Najua wasomaji wengi wanasema kinyume. Lakini picha hii inaishi kwa mshangao wa jicho, na jicho hushangaa mara moja. Kitabu kinaishi kwa hofu ya kujua mambo yanavyokwenda kombo hatua kwa hatua, na hofu hiyo haipungui hata kama unajua T. rex anafananaje. Ukianza na kitabu, picha itakuonekea nyepesi kama uji wa mgonjwa. Ukianza na picha, kitabu ni hadithi ya pili, ngeni.

The Lost World ni kitabu cha 1995 na picha ya 1997, na hapa sitachelewa. Vina jina moja, kisiwa kimoja, na gari moja linaloning'inia kwenye genge. Mengine kila mtu ameenda njia yake. T. rex anayevuruga mji wa San Diego hayumo kitabuni kabisa. Kitabuni kuna mtu mbaya, Dodgson, anayekuja kuiba mayai, na sehemu moja iliyonifanya nicheke peke yangu daladalani: mtaalamu mmoja anasimama wima bila kutikisika mbele ya T. rex, maana ameambiwa kwamba T. rex haoni kitu kisichotembea. Ndivyo tulivyofundishwa na hadithi ya kwanza. Analiwa akiwa amesimama vile vile. Crichton alikuwa anajisahihisha mwenyewe kwa kumtoa mtu kafara. Kama una wiki moja tu ya kusoma maishani, usiitumie hapa. Kama unataka kelele za Ijumaa usiku na wenzako, chukua picha.

Sasa nije kwenye kile ninachokipenda, The Andromeda Strain. Kitabu cha 1969, picha ya 1971 ya mwongozaji Robert Wise. Setilaiti inaanguka kwenye kijiji cha Piedmont, Arizona. Watu wote wanakufa, damu imeganda mishipani ikawa unga. Wanapona wawili: mzee mlevi mgonjwa wa tumbo, na mtoto mchanga asiyenyamaza kulia. Wanasayansi wanne wanateremka kwenye maabara ya ghorofa tano chini ya ardhi ya Nevada kutafuta jibu: mlevi na mtoto wanafanana nini? Ni hilo tu. Hakuna mjusi, hakuna anayekimbizwa mpaka karibu na mwisho.

Hapa picha na kitabu ni kama sahani na kawa. Wise alikifuata kitabu karibu ukurasa kwa ukurasa. Badiliko kubwa ni kwamba mwanasayansi mmoja, Leavitt, amefanywa mwanamke, na amechezwa na Kate Reid kwa ukali fulani wa walimu wetu wa zamani wa hesabu. Na hapa, kwa mara ya kwanza na karibu ya mwisho, wenye picha walikibeba na kile kitu kidogo. Ujumbe muhimu kutoka serikalini unaingia maabara kwa teleprinta, mashine ya kuchapa ujumbe. Mashine ina kengele ya kuita watu. Kengele haikulia. Saa zinapita, wakubwa duniani wanaamua mambo, wanasayansi hawana habari. Fundi anapokuja kufungua mashine anakuta kipande chembamba cha karatasi, kimechanika pembeni ya roli, kimejipenyeza katikati ya kengele na nyundo yake. Mtambo wa mamilioni ya dola umezibwa mdomo na kijikaratasi.

Kwa kuwa vinafanana, chagua kwa muda wako na kwa Kiingereza chako. Picha ni ya saa mbili na kidogo, ya taratibu, na kijana aliyezoea picha za sasa atalala ikifika nusu saa. Nimewajaribu, wanalala. Kitabu ni chembamba, sentensi fupi, kimeandikwa kama ripoti ya serikali yenye michoro na orodha, na ajabu yake ni kwamba mtu mwenye Kiingereza cha kidato cha nne anakimaliza. Kama unanunua kitabu kimoja cha Crichton kwa kujifunzia lugha, nunua hicho. Tulipokuwa tunanawa mikono mlangoni mwa kila duka mwaka 2020 nilikisoma tena, na sikukimaliza, niliona kinanisogelea mno.

Congo inanipa tabu. Kitabu cha 1980, picha ya 1995 iliyoongozwa na Frank Marshall. Kampuni ya Marekani inatafuta almasi za buluu za kutengenezea vifaa vya elektroniki, msitu wa Virunga, na pale pana mji uliopotea unaoitwa Zinj. Msomaji wa pwani akifika hapo anasimama: Zinj, Zenji, si ndilo jina Waarabu waliloiita pwani yetu na watu wake, ambalo Zanzibar imetokana nalo? Crichton amelibeba jina la baharini akaenda kulipanda chini ya volkano, kilometa zaidi ya 1,000 kutoka maji ya chumvi. Ni riwaya, ana ruhusa.

Asichokuwa na ruhusa nacho ni uvivu. Amewaweka humo wala watu, na wapagazi wa Kikuyu ambao karibu wote hawana la kusema isipokuwa kuogopa kwa zamu. Mimi ninayejua nani alibeba Tendaguru begani hadi bandarini, nilisoma sura zile nikiwa nimekaza taya. Na bado sikukitupa, kwa sababu ya Amy. Amy ni sokwe mkubwa, gorila, aliyefundishwa lugha ya ishara za mikono. Kitabuni lazima mtu amwangalie mikono ili amwelewe, na kuna sehemu nzima wanasayansi wanahangaika kuzitafsiri sauti za gorila wa kijivu wanaoulinda mji, ili wawarudishie maneno yao wenyewe kwa spika. Ni kazi ya ukalimani, na inasisimua.

Picha imemvalisha Amy kinga ya mkononi inayogeuza ishara kuwa sauti ya mashine. Kazi yote ya kuelewana imekwisha kwa kubonyeza kitufe. Kisha volkano, kisha bunduki ya mwanga inayotumia almasi. Wakosoaji waliipondaponda, watu wakaenda kuiangalia hivyo hivyo. Ni dakika 109 na inachekesha mahali isipokusudia. Ernie Hudson, anayecheza kiongozi wa msafara, ndiye peke yake anayeonekana kujua kwamba yuko kwenye picha ya mzaha, na kwa ajili yake tu sijutii muda wangu. Ukilazimika, kitabu, kwa macho makali. Ukiwa umechoka, picha. Ukipenda kuachana navyo vyote, sitakugombeza.

Sphere, kitabu cha 1987, picha ya 1998 ya Barry Levinson yenye Dustin Hoffman, Sharon Stone na Samuel L. Jackson. Hapa jibu ni jepesi: kitabu. Chini ya Pasifiki, mita kama 300, kumepatikana chombo cha anga kilichoota matumbawe ya miaka 300. Wanaitwa wataalamu wakakutane na viumbe wa huko. Utani mchungu wa hadithi ni kwamba orodha ya wataalamu ilitoka kwenye ripoti ambayo Norman, mwanasaikolojia, aliiandika zamani kwa ajili ya pesa, akiwa na hakika haitafunguliwa na mtu. Ndani yake alijaza majina ya watu anaowafahamu. Mtu yeyote aliyewahi kuandika taarifa ya semina ili posho itoke atamhurumia.

Kitabu kinashinda kwa sababu adui wake ni mawazo ya mtu, na mawazo ya mtu yanakaa vizuri kwenye karatasi. Ujumbe wa kwanza unakuja kwa namba tupu, na unaziona ukurasani, unaweza kuchukua kalamu ukahangaika pamoja nao. Mimi nilihangaika jioni mbili, nikashindwa, nikafunua ukurasa wa mbele kwa aibu. Kwenye picha namba zinapita kwenye kioo, mtu anasema "nimeelewa", yamekwisha. Waigizaji wamejitahidi, lakini utawaona wakubwa watatu wakitazamana ndani ya vyumba vyenye maji, wakiogopa kitu ambacho mwongozaji hakuthubutu kukuonyesha. Halafu mwisho: picha inafunga mlango vizuri, kitabu kinaacha ufa mdogo kwenye tabasamu la mtu mmoja. Sisemi la nani.

Timeline, kitabu cha 1999, picha ya 2003: soma kitabu, na picha waachie waliowekeza.

Kuna njia ya tatu ambayo wanaoandika Ulaya hawana, nayo ni picha za kutafsiriwa, zile ambazo mtafsiri anazungumza juu ya sauti za waigizaji. Nina nakala ya Jurassic Park ya namna hiyo na siiuzi. Mtafsiri amempa T. rex jina la Bibi Mkubwa, na yule wakili akiwa chooni analia, "Jamani, mimi kodi nimelipa!" Mama yangu, ambaye hasomi Kiingereza, alicheka mpaka akashika ubavu, na mwisho akauliza swali ambalo mtafsiri wala Spielberg hawakulijibu: wale waliobaki kisiwani, watoto wao wanakula nini? Ukiwa na wazee nyumbani, au wadogo ambao hawawezi kufuata maandishi ya chini, chagua hiyo bila kujivunga. Tatizo lake ni kwamba maelezo ya kitaalamu yote yanageuka kuwa "wamechanganya dawa". Kwa hadithi ya mijusi linavumilika. Kwa Andromeda, ambako dawa ndiyo hadithi yenyewe, hutaambulia kitu.

Basi nikamwambia mpwa wangu, chukua flashi, angalia kwanza. Akaitikia "sawa mjomba" kwa ile sauti ya kijana aliyekwisha kuamua. Jumamosi asubuhi flashi ilikuwa imeshaazimwa na mtu mwingine, na kitabu changu kisicho na jalada kiliondoka na basi la Nachingwea.

Jumanne usiku ukaingia ujumbe wa sauti. Nyuma yake nasikia jogoo, na mtu anapasua kuni.

"Mjomba, nimefika pale kwenye 292. Nimefunga kitabu, nimetoka nje kuwahesabu kuku wa baba. Yeye anasema wako 12. Mjomba, wako 14."